Majeruhi wa ajali hatibiwi bila PF3?

Bodaboda ikigongwa kwenye barabara ya Tabora kwenda Urambo, watu hujaa haraka. Kisha mmoja anasema: "Msimguse, tusubiri polisi. Bila PF3 hospitali hawampokei." Kauli hii imekaa miaka mingi, na inaua watu.

PF3 ni fomu namba 3 ya polisi. Kazi yake ni ushahidi: daktari huandika humo majeraha aliyoyaona, nayo hutumika mahakamani au kwenye madai ya bima. Kwa dharura, matibabu yanatangulia, fomu inafuata. Ndugu, au hata aliyemleta, anaweza kuifuatilia kituoni wakati mgonjwa tayari yuko mikononi mwa wauguzi wa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tabora.

Anayevuja damu nyingi anaweza kufa ndani ya dakika chache. Chukua kanga au shati safi, likunje, libane pale pale damu inapotoka, kwa viganja viwili na uzito wa mwili. Usifunue kila mara kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Maji asipewe hata akiomba, maana akitapika yanaweza kumwingia mapafuni. Na kama hakuna moto wala hatari nyingine, jamani, asiburuzwe: huenda shingo imevunjika.

Mwingine apige 112 kuwaita polisi. Wakiandika jina lako na ulichokikuta, wanachukua maelezo ya shahidi, hujashtakiwa.