Kupukutika kwa majani: neno na asili yake

Majani ya mti yakianguka kwa msimu, tunasema yanapukutika. Neno hili limetokana na kitenzi pukuta, yaani kutikisa au kupigapiga kitu mpaka vilivyoshikamana nacho viachie. Jamii yake ni pukusa, kutoa punje za mahindi kwenye gunzi, na pukute, wali uliochambuka punje moja moja. Kwa hiyo kiini cha maana si kuanguka, ni kuachia: kimoja kimoja, hadi vinakwisha. Ndiyo maana nywele nazo hupukutika, na hata watu, tauni ikiingia. Wataalamu wa mimea wa Ulaya waliridhika na neno la Kilatini decidere, kuanguka chini. Letu limeona zaidi.

Kiambishi -ik-, kama katika vunja na vunjika, huonyesha hali bila kumtaja mtendaji. Lakini hapa mtendaji yupo, nao ni mti wenyewe. Kwanza hufyonza kutoka kwenye jani virutubisho kama naitrojeni na fosforasi. Klorofili, rangi ya kijani ya jani, huvunjika na umanjano uliokuwa umefichwa hujitokeza. Kisha, pale kikonyo kinapoungana na tawi, vimeng'enya, yaani protini zinazochochea mabadiliko ya kikemia, hulegeza kuta za tabaka jembamba la seli, na upepo mdogo hutosha. Kovu hubaki limezibwa. Sasa tazama tawi lililovunjika likiwa bichi: majani yake hukauka yakang'ang'ania palepale, kwa kuwa tawi lililokufa haliwezi kupukutisha chochote.

Kwenye nchi za baridi kichocheo ni siku kuwa fupi na ubaridi kuingia. Kwenye misitu yetu ya miombo ni ukame. Mbuyu hukaa mtupu miezi mingi. Mgunga uitwao Faidherbia albida ni mkaidi: hupukutisha majani mvua zikinyesha na kuchipua kiangazi, na wakulima huupenda kwa sababu hauyanyimi mazao mwanga.

Kuna tafsiri moja inayonikera: kuyaita majira ya Ulaya ya kupukutika majani "vuli". Majira ya mapukutiko yanatosha kabisa. Vuli ni mvua zetu za Oktoba hadi Desemba, na miombo huanza kuchipua majani mapya, mengi yakiwa mekundu, hata kabla ya tone la kwanza.