Damu nzito, aspirini na kiharusi: wanayoamini wenye kisukari

"Dokta, damu yangu ni nzito, niandikie ya kuilainisha." Ombi hili nimelisikia kliniki ya kisukari mpaka siku hizi namalizia mimi kabla mgonjwa hajafika katikati. Imani iliyo nyuma yake ni kwamba kisukari hufanya damu iwe nzito, uzito huo ndio unaoleta kiharusi, na kwa hiyo limau, kitunguu saumu, maji mengi au aspirini ndogo ya kununua dukani vinatosha kukukinga. Wapo hata wanaokwenda kuchangia damu ili "ipungue". Kuchangia damu ni jambo jema, ila usilifanye kwa sababu hiyo.

Tatizo liko kwenye kuganda. Ini hutengeneza faibrinojeni, protini ya kugandisha damu, na kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni kama miligramu 200 hadi 400 kwa desilita moja ya plazma. Mshipa ukichubuka, kimeng'enya kiitwacho thrombini huigeuza faibrinojeni kuwa nyuzi za faibrini zinazoshika pamoja chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha. Kwa wenye kisukari, hasa aina ya 2, faibrinojeni mara nyingi iko juu, na faktari ya von Willebrand, protini inayozinatisha chembe sahani kwenye mshipa uliochubuka, vilevile. Zaidi ya hapo, glukosi hujibandika kwenye faibrinojeni kama inavyojibandika kwenye himoglobini tunayoipima kwa HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu. Nyuzi zinazotoka hapo huwa nyembamba na zimesongamana, wavu wa dagaa hasa, na plasmini inayotakiwa kulimeng'enya donge hupenya kwa taabu. Halafu kuna PAI-1, ambayo mafuta ya tumboni huchangia kuiongeza: protini hii huzuia mwili kuiamsha plasmini yenyewe. Donge linajengeka upesi na linachelewa kuyeyuka. Likiziba mshipa wa ubongo, hicho ndicho kiharusi.

Sasa limau linaingia wapi hapo? Maji yana kazi yake, hasa sukari ikipanda mpaka mtu anakojoa na kukauka, lakini hayabadilishi umbo la nyuzi za faibrini. Aspirini nayo huzituliza chembe sahani tu. Kiasi cha faibrinojeni hakiguswi. Utafiti wa ASCEND wa Uingereza, uliotolewa 2018, ulifuatilia watu 15,480 wenye kisukari wasio na ugonjwa wa mishipa uliojulikana, kwa wastani wa miaka 7.4. Matukio makubwa ya moyo na mishipa yalikuwa asilimia 8.5 kwa waliomeza aspirini na 9.6 kwa wasiomeza. Kuvuja damu kwingi kulikuwa asilimia 4.1 dhidi ya 3.2. Ulichopata mkono wa kulia karibu chote kimeondoka na wa kushoto. Aliyewahi kupata kiharusi cha donge au shambulio la moyo ni habari nyingine: huyo asiiache bila kumwuliza daktari wake. Mwingine asijianzishie kwa sababu jirani anameza.

Kinachoshusha faibrinojeni na PAI-1 hakiuzwi dukani: acha sigara, punguza kitambi, tembea kila siku. Na meno! Nawachosha watu kwa hili, lakini fizi zinazooza ni uvimbe wa kudumu, yaani mwili uko vitani muda wote, na uvimbe wa namna hiyo hulifanya ini limwage faibrinojeni zaidi. Presha pia ishushwe. Mgonjwa anayebishana nami kuhusu damu nzito huku presha yake ni 170 kwa 100 ananichosha kweli.

Mengine ninayoambiwa ni haya. "Kipimo changu cha INR ni kizuri, sitaganda." Kipimo hicho huonyesha damu inachukua muda gani kuganda kwenye chupa ya maabara. Hali ya mishipa yako hakiijui.

"Amepooza, mpe aspirini haraka." Usimpe. Huenda ni mshipa uliopasuka, na bila picha ya ubongo ya CT scan huwezi kutofautisha; tena anaweza kupaliwa. Pima sukari kwanza, maana sukari iliyoshuka sana huiga kiharusi vizuri mno.

"Mkono ulikufa ganzi, mdomo ukapinda, baada ya dakika kumi nikawa sawa, basi nikalala." Hilo ni onyo la kiharusi, na hatari ni kubwa zaidi katika siku chache zinazofuata. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Dalili zisipoondoka, kumbuka zilianza saa ngapi: dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na swali hilo ndilo la kwanza utakaloulizwa.