Ukifika Mjini, Baiskeli Utaifunga Wapi?

Njia za baiskeli tunazizungumzia sana Nairobi. Njia za miguu za mitaa ya Wabera na Muindi Mbingu zimepanuliwa ili waendao kwa miguu na wapanda baiskeli wapate nafasi, na hilo ni jambo jema. Lakini anayetoka Kawangware au Makadara akikanyaga pedali hadi katikati ya jiji bado ana shida moja akifika: chombo chake kitakaa wapi salama? Wengi hukifunga kwenye nguzo ya taa, kwenye uzio au kwenye mti, kisha wakaingia ofisini roho mkononi. Wengine huamua kuiacha baiskeli nyumbani na kupanda matatu.

Mimi ni mpangaji wa usafiri, na ningependa tuanze na chuma chenyewe cha kufungia baiskeli, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Vile vyuma vinavyobana gurudumu la mbele peke yake havifai. Baiskeli ikisukumwa kidogo tu, uzito wote huangukia spoki, rimu ikapinda. Tena mwizi hahitaji kuvunja kufuli. Anafungua nati za gurudumu la mbele, analiacha hapo lilipofungwa, na kuondoka na sehemu nyingine yote.

Kinachofaa ni bomba la chuma lililokunjwa kama herufi U, likapinduliwa, miguu yake ikazikwa ndani ya zege. Likiwa na kimo cha sentimita 75 hadi 80, baiskeli huliegemea kwa ubavu bila kuanguka, na mwenyewe hupitisha kufuli kwenye fremu na gurudumu kwa pamoja. Bomba moja huchukua baiskeli mbili, moja kila upande. Kati ya bomba na bomba iachwe mita moja, la sivyo usukani utagongana na watu watatumia upande mmoja tu. Kutoka ukutani, sentimita 60 zinatosha pale baiskeli zinapokaa sambamba na ukuta.

Nafasi inayoegeshwa gari moja, takriban mita tano kwa mbili na nusu, huweza kubeba mabomba manne au matano, yaani baiskeli nane hadi kumi. Ndiyo maana napendekeza tuchukue nafasi hizo za magari badala ya kumega njia ya miguu. Mtaa kama Tom Mboya, jioni, hauna hata inchi ya kupunguza. Na pale ambapo hakuna budi kuweka mabomba kando ya wapita njia, yale ya mwisho yaongezewe chuma cha kukingama karibu na ardhi ili fimbo nyeupe ya asiyeona ikiguse kabla yeye hajajigonga.

Mahali ni muhimu sawa na chuma. Anayekwenda kwenye kituo cha Huduma pale Posta Kuu, Soko la City Market au Maktaba ya McMillan atatoka baada ya muda mfupi, kwa hiyo anataka kufunga hatua chache kutoka mlangoni. Maegesho yaliyofichwa nyuma ya jengo humfaa mwizi tu. Yawekwe penye macho: karibu na mlinzi, muuza magazeti au wang'arisha viatu, ambao wako hapo tangu asubuhi na humjua kila mgeni. Karani anayeshinda kazini kwa muda wa saa nane ana hitaji tofauti. Yeye anataka paa, hasa masika na vuli, na mtu wa kulinda. Vyumba vya magari chini ya majengo vingemfaa sana, ila nimeona mara nyingi mwenye baiskeli akirudishwa langoni huku gari likifunguliwa kizuizi.

Fedha si kisingizio. Sera ya usafiri usiotumia injini ya Kaunti ya Nairobi, ya mwaka 2015, iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa waendao kwa miguu na baiskeli. Mabomba ni kazi ambayo fundi wa kuchomelea wa Gikomba au Kariobangi anaiweza kabisa.

Kwa msimamizi wa jengo: huna haja ya kungoja kaunti iwapo una kiwanja chako. Chimba mashimo manne ya kina cha sentimita 30, simika mabomba mawili mbele ya kibanda cha mlinzi, na umwambie mlinzi huyo kwamba baiskeli zinaruhusiwa.