Kibandiko mlangoni: kazi ya wahandisi wa eneo baada ya kimbunga

Upepo ukishatulia, mwenye nyumba huwa na swali moja tu: "Tunaweza kulala humu leo?" Familia imetoka kwenye makazi ya muda, watoto wamechoka, kuta zimesimama na paa linaonekana lipo. Jirani anasema ingieni tu. Fundi anayepita anasema nyumba nzima hiyo, inataka mabati machache. Hakuna kati yao aliyepanda darini.

Kwa sababu ya swali hilo, chama cha wahandisi wa eneo kina kazi nyingi katika siku za mwanzo. Watu wengi hudhani msaada wetu ni kujenga. Kujenga huja baadaye sana, pesa na vibali vikipatikana. Wiki ya kwanza mhandisi hajengi kitu. Anazunguka nyumba, anatazama, anaandika, kisha anabandika karatasi mlangoni.

Karatasi hiyo ina asili yake. Mwaka 1989 taasisi ya Marekani iitwayo Applied Technology Council ilitoa mwongozo wa kukagua majengo baada ya tetemeko la ardhi, unaojulikana kama ATC-20. Haikupita miezi mingi, Oktoba mwaka huohuo, tetemeko la Loma Prieta likaitikisa California na mwongozo ukaingia kazini. Mwaka 2004 ukafuata ATC-45, wa majengo yaliyopigwa na upepo au mafuriko. Rangi ni tatu. Kijani maana yake jengo limekaguliwa na hatari haikuonekana. Njano maana yake matumizi yana mpaka, na mpaka wenyewe huandikwa palepale: labda ruhusa ya kuingia mchana kuchukua vitu, au kutumia nyumba yote isipokuwa chumba kilicho chini ya mti ulioangukia paa. Nyekundu maana yake usiingie.

Rangi hizi huleta ugomvi mwingi, kwa hiyo nizieleze vizuri. Nyekundu si amri ya kubomoa. Ni kauli kuhusu leo: kwa hali ilivyo sasa, mtu akiingia anaweza kuumia. Nimewahi kuulizwa kwa hasira kwa nini nyumba isiyo na hata ufa imebandikwa nyekundu. Jibu lilikuwa nje ya ua: bomba la moshi la jirani, la matofali, lilikuwa limeinama kuielekea. Likishateremshwa, ukaguzi unarudiwa na rangi inabadilika. Kijani nayo si cheti cha ubora. Ukaguzi wa haraka huchukua kati ya dakika 10 na 30, na sehemu kubwa hufanyika kwa nje. Unatafuta hatari iliyo wazi, basi. Anayepeleka kibandiko cha kijani kwa kampuni ya bima kuthibitisha kwamba nyumba haikupata hasara, au kwa mnunuzi kuthibitisha kwamba ni imara, anakibebesha mzigo kisioweza kuubeba.

Mkaguzi hutafuta nini hasa? Kwanza paa, maana hapo ndipo upepo huanzia. Mtu aliyesimama nje huona upepo unasukuma, lakini juu ya paa unanyonya: hewa ikipita kwa kasi juu ya mteremko, huvuta paa kuelekea angani. Nyumba ya kawaida imejengwa kubeba uzito unaoshuka chini. Kimbunga huugeuza mchezo. Kila kitu kinavutwa juu, na kinachoizuia nyumba ni mnyororo wa vifungo: msumari unaoshika ubao kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kibati kinachoshika kenchi kwenye ukuta, boliti inayoshika ukuta kwenye msingi. Pete moja ikikosekana, zilizobaki hazisaidii.

Nguvu hiyo haiongezeki sawasawa na mwendo wa upepo. Hufuata mraba wake. Kipimo cha Saffir-Simpson, kinachopanga vimbunga kwa madaraja, huanza daraja la 1 kwenye kilomita 119 kwa saa, na daraja la 5 huanzia kilomita 252. Mwendo umeongezeka mara mbili na kidogo, lakini msukumo kwenye ukuta umekuwa karibu mara nne na nusu. Kipimo chenyewe kilitoka mezani kwa mhandisi. Herbert Saffir, mhandisi wa Florida, alikiandaa mwaka 1969 akiwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa kuhusu nyumba za gharama nafuu katika maeneo ya vimbunga. Alitaka kujua kila upepo utavunja nini. Robert Simpson, mkuu wa kituo cha taifa cha vimbunga cha Marekani, akaongeza upande wa mawimbi ya dhoruba, yaani maji ya bahari yanayosukumwa na kimbunga hadi nchi kavu. Tangu 2010 upande huo umeondolewa, na kipimo kinahusu upepo peke yake. Ndiyo maana kusikia "ni daraja la 1 tu" hunitia wasiwasi. Huko Marekani, wengi wa wanaouawa moja kwa moja na vimbunga huuawa na maji.

Somo kubwa la paa lilitoka kwa kimbunga Andrew, kilichopiga kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti 1992. Wahandisi walipopita mitaani waliokota mbao za paa zikiwa na misumari na pini ambazo hazikuwahi kuigusa kenchi. Fundi alipiga pembeni, hakuna aliyepanda kukagua, na nyumba ikakaa miaka ikisubiri upepo. Waliona pia kuta za pembetatu za mwisho wa paa zimelala chini kwa kukosa vizuizi vya ndani, na milango mipana ya gereji iliyoingia ndani. Mlango huo ukishashindwa, upepo huijaza nyumba kama puto: juu paa linavutwa, chini linasukumwa. Kanuni za ujenzi za Florida zilibadilika kutokana na ushahidi wa namna hiyo, na mwaka 2002 jimbo zima likawa na kanuni moja.

Kwa hiyo mkaguzi akisimama kimya akitazama mahali paa linapokutana na ukuta, usidhani anapoteza muda. Mstari mwembamba wa mwanga hapo, au rangi iliyopasuka kufuata linta (boriti iliyo juu ya milango na madirisha), ni dalili kwamba paa lilinyanyuka na kurudi chini. Kwa mbali limekaa vizuri. Vifungo vyake huenda havipo tena.

Nyumba iliyoingiwa na maji ina maswali mengine. Maji yaliyopita kwa kasi huchimba udongo chini ya pembe za msingi, na nyumba ikabaki imening'inia pasipo mtu kujua. Milango iliyokuwa ikifunga vizuri jana na leo inagoma hutuambia mengi kuliko ufa mkubwa wa plasta. Wenye chumba cha chini ya ardhi kilichojaa maji, tafadhali msiharakishe pampu. Udongo wa nje umelowa na unazisukuma kuta kwa ndani. Maji yaliyo chumbani ndiyo yanayousukuma nyuma. Ukiyatoa yote kwa siku moja, ukuta unaweza kuangukia ndani. Punguza sentimita 30 hivi, weka alama ukutani, acha hadi kesho. Maji yakiwa yamepanda tena kupita alama, udongo bado umejaa, subiri. Yakibaki palepale, endelea kidogokidogo.

Umeme niutaje kwa kifupi, ingawa haustahili ufupi. Swichi kuu iliyozama haiwashwi hadi fundi umeme aiangalie, na maji ya bahari ni mabaya zaidi kwa sababu chumvi hubaki ndani ikila shaba. Baada ya kimbunga Ian, Florida, mwaka 2022, magari ya umeme yaliyokuwa yamezama katika maji ya chumvi yaliwaka moto siku kadhaa baadaye yakiwa yameegeshwa tu. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likitazama upande mwingine. Hewa yake yenye sumu haina harufu. Louisiana, mwaka 2020, baada ya kimbunga Laura, familia zilinusurika na upepo zikauawa na jenereta zao. Na usiichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani. Umeme utatoka nyumbani kwako, upande kwenye nguzo, umkute fundi wa laini anayeamini waya umekufa.

Sasa, hawa wanaobisha hodi ni nani? Wakaguzi wa serikali za mitaa huwa wachache, na katika wiki moja hutakiwa kupita nyumba ambazo kwa kawaida wangezipitia kwa miaka. Pengo hilo huzibwa na vyama vya wahandisi kwa watu wa kujitolea: waliosajiliwa, waliopata mafunzo ya vibandiko kabla ya msimu, na walioitwa rasmi na mamlaka. Neno "walioitwa" lina uzito. Majimbo mengi ya Marekani yana sheria ya msamaria mwema inayomkinga mhandisi aliyejitolea asishtakiwe kwa uamuzi alioufanya kwa nia njema, lakini kwa kawaida kinga hiyo inataka awe ameombwa na mamlaka wakati wa dharura iliyotangazwa. Anayejipeleka mwenyewe na kofia ya plastiki kichwani hana kinga, na mara nyingi hana faida.

Kwa mwananchi, ishara ni rahisi. Wakaguzi huja wawili wawili, wana vitambulisho, hawatozi pesa, na hawakuuzii chochote. Ukisikia "nyumba yako ni nyekundu lakini mimi nina kampuni inayoweza kuitengeneza", mwombe jina na kitambulisho, kisha piga simu kwenye ofisi ya ujenzi ya eneo lako. Chama chenye heshima humzuia mwanachama wake kufuata kazi ya malipo kwenye nyumba aliyoibandika. Wapo wenzangu wanaoona katazo hilo ni kali mno, kwa kuwa wahandisi wa eneo ni wachache na nyumba ni nyingi. Mimi naona lisipokuwepo kibandiko kinageuka tangazo la biashara.

Wahandisi wageni husaidia kuongeza mikono, lakini mwenyeji ana kitu ambacho mgeni hawezi kukipakia kwenye begi. Anajua mtaa upi ulijengwa juu ya kifusi, kalavati ipi huziba kila masika, shule ipi iliongezwa ghorofa baada ya michoro ya kwanza. Wakati huohuo naye ni mhanga. Ana paa lake la kuziba na wazazi wa kuwatafuta. Chama kinachopanga orodha ya wajitoleaji bila kukumbuka hilo hubaki na majina karatasini na simu zisizopokelewa. Ndiyo maana vyama vya majimbo jirani hupatana mapema nani atamfuata nani.

Ushauri wa wahandisi hauishii kwenye nyumba. Kimbunga Helene kilipopita magharibi mwa North Carolina Septemba 2024, mafuriko yaling'oa mabomba makuu ya maji ya mji wa Asheville, na bwawa lake likajaa udongo laini uliogoma kutuama. Maji yaliporudi mabombani hayakuwa ya kunywa. Agizo la kuyachemsha liliondolewa tarehe 18 Novemba. Muda wote huo watu walihitaji mtu wa kuwaeleza kwa lugha ya kawaida kwamba maji ya kuvuta choo na maji ya kunywa ni habari mbili tofauti. Kuchemsha kwa dakika 1 tangu yaanze kutokota, au 3 kwenye miinuko ya zaidi ya mita 2,000, huua vijidudu. Hakuondoi mafuta wala kemikali iliyoingia kisimani; kwa maji ya namna hiyo moto hausaidii.

Na wakati mwingine kazi ya chama ni kusema lisilopendeza. Baada ya kimbunga Katrina, mwaka 2005, ilikuwa rahisi kusema kimbunga kilikuwa kikubwa kuliko kuta za kuzuia mafuriko za mji wa New Orleans. Jopo la chama cha wahandisi ujenzi cha Marekani, ASCE, lilitoa ripoti mwaka 2007 na kueleza kwamba baadhi ya kuta za mifereji ziliporomoka kabla maji hayajafika juu yake, kwa makosa ya usanifu na kwa udongo uliokadiriwa kuwa na nguvu kuliko uliokuwa nayo. Lisingesemwa hilo, kuta zilezile zingerudishwa vilevile.

Ukweli kama huo hupatikana kwa ushahidi, na ushahidi huo uko uani kwako. Tumefundwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na siku nyingine zote hilo ni sawa. Baada ya kimbunga, ufa uliozibwa kwa plasta siku ya pili humnyima mkaguzi dalili na humpa wakala wa bima nafasi ya kubisha. Funika paa kwa turubai mvua isiendelee kuingia, ondoa vitambaa na mazulia yaliyolowa, maana ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Lakini piga picha kwanza: kila upande wa nyumba, kila chumba, alama ya maji ukutani ukiweka rula kando yake. Na ukiokota ubao wa paa uliotupwa na upepo, usiutie kuni. Tazama misumari yake, hesabu mingapi iligusa kenchi, uandike tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, uuweke kwenye banda mpaka mkaguzi afike.