Alama za siri za mahobo: yanayosemwa na yaliyokuwepo kweli

Ile chati ya alama mnayotumiana sana, mchoro wa paka maana yake hapa anaishi mama mwenye huruma, msalaba maana yake vumilia mahubiri utapewa msosi, watu wanaamini kabisa kwamba mahobo wa Marekani, yaani wale watu wa kuhamahama wa zamani waliodandia treni za mizigo, walikuwa na lugha yao ya siri na kila geti karibu na reli lilikuwa limechorwa. Ushahidi wake ni mdogo sana jamani. Picha za zamani zinazoonyesha alama hizo kwenye nyumba halisi ni za kutafuta kwa tochi, wakati orodha zenyewe zilichapwa sana kwenye magazeti, na siri ambayo polisi na mwenye nyumba wanaisoma gazetini asubuhi ni siri gani sasa? Sisemi hakuna hata mmoja aliyewahi kuchora, nasema ile kamusi nzima iliyotumika nchi nzima haijathibitishwa.

Na hobo hakuwa ombaomba. Wengi walikuwa vibarua, wanadandia mabehewa ya mizigo kufuata mavuno ya ngano, kukata magogo, hata kujenga hizo hizo reli.

Walichoandika kweli ni majina, na hapo ndo pananigusa mimi. Jack London alidandia treni mwaka 1894 kabla hajawa mwandishi maarufu, na alieleza vizuri kwamba matangi ya maji ya reli ndo yalikuwa daftari lao: unaandika jina lako la njiani, tarehe, na upande unaoelekea. Kwa nini matangi? Kwa sababu injini ya mvuke lazima isimame kunywa maji, kwahiyo pale ndo watu walisubiri kudandia, na ukisubiri masaa una muda wa kuchonga ubao. London mwenyewe alimfukuzia jamaa aliyejiita Skysail Jack kukatisha Canada akisoma jina lake tangi hadi tangi, na hawakukutana kamwe. Yaani hakuna fumbo lolote pale, ni mtu anasema nilipita hapa, naelekea magharibi, mnaonijua mjue bado nipo hai. Mwaka 2000 mtafiti Susan Phillips alikuta chini ya daraja Los Angeles maandishi ya A-No.1, yaani Leon Ray Livingston, hobo aliyekuwa maarufu mpaka akawa anauza vitabu vya safari zake, na pembeni kuna tarehe ya 13 Agosti 1914.

Kosa lingine ni kudhani kila mchoro wa chaki kwenye behewa ni wa hobo. Mingi ilichorwa na wafanyakazi wa reli wenyewe! Chaki walikuwa nayo mkononi tayari, maana ndo waliyotumia kuandika behewa lipi liende wapi. Yule mtu aliyelala chini ya mnazi na kofia pana, Herby, alichorwa na Herbert Meyer, mfanyakazi wa reli pale St. Louis, kuanzia miaka ya 1950. Bozo Texino naye, ile sura yenye sigara, alianzishwa na J.H. McKinley wa reli huko Texas, wengine wakamwiga. Mtu yuko yadi moja maisha yake yote ila mchoro wake unazunguka bara zima, mimi nawaheshimu sana hawa wazee.

Halafu yale maandishi makubwa ya rangi ya kupuliza hayakutoka kwa mahobo, yalitoka kwa vijana wa Philadelphia na New York, kama wale waliojiita Cornbread na Taki 183, mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70. Mei 1989 New York ikatangaza treni zake za chini ya ardhi ni safi zote, hazina maandishi hayo tena, na wachoraji wengi wakahamia mabehewa ya mizigo. Na sio kweli kwamba wote wanachafua bila kujali, wazoefu wanaacha wazi namba za behewa na maandishi ya uzito, kwa sababu wanajua namba zikifunikwa kampuni itapaka rangi juu yake na mchoro ndo umekufa.