Siku ya miraa, dawa ya presha humezwa?

Wateja wengi wa presha ninaowahudumia hapa Eastleigh, Nairobi, hutafuna miraa, na baadhi yao wamejiwekea kanuni: siku ya kutafuna, tembe haimezwi. Wanasema hawataki kuchanganya. Nia yao ni njema, lakini kama mfamasia, kanuni hiyo hunitia hofu.

Jani bichi la miraa lina kathinoni, kemikali inayofanya kazi kama amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili. Huufanya mwili umwage noradrenalini, ndugu ya adrenalini: moyo unaenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda. Muguka, ambao ni aina ya miraa, nao ni hivyo hivyo. Sasa mfikirie mtu anayemeza atenololi au propranololi kila siku. Dawa hizi huuzuia moyo usisikie adrenalini, na moyo wenyewe, baada ya muda, huongeza vipokezi, yaani milango ya kuipokea adrenalini, ili uisikie. Ukiiacha dawa ghafla, vipokezi hivyo vyote vinabaki wazi. Mapigo yanaruka, kifua kinaweza kuuma, na mwenye mishipa ya moyo iliyoziba anaweza kupata shambulio la moyo. Klonidini, dawa nyingine ya presha, ikiachwa ghafla, presha inaweza kupaa kupita ilivyokuwa kabla ya matibabu. Katika hali hiyo ndipo mtu anaketi na kilo yake ya miraa.

Ningefurahi sana ukiacha kutafuna, hasa kama umewahi kuambiwa moyo wako una shida. Mpaka hapo, dawa ya daktari usiiruke, na usijiongezee dozi ukidhani utaifidia miraa.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hunong'ona tu kwenye kaunta: dawa za nguvu za kiume. Ikiwa umepewa nitrati, kwa mfano ile tembe ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, usiichanganye kamwe na sildenafili wala tadalafili. Zote hutanua mishipa, na presha inaweza kuporomoka hadi mtu azimie au afe. Baada ya sildenafili, nitrati haitumiki kwa saa 24. Baada ya tadalafili, saa 48. Na nikikuuliza mbele ya foleni kama unatumia dawa hizi, niambie tuongee pembeni. Ni haki yako.

Wavutaji bangi wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu yenu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi, kwa sababu bangi huchelewesha ini kuivunja dawa hiyo. Mwambieni anayewapima INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, hata mkipunguza au mkiacha kuvuta.

Kokeini hubana mishipa ya moyo yenyewe, na hata kijana mwenye afya njema anaweza kupata shambulio. Kifua kikikushika baada ya kuitumia, nenda hospitali mara moja, useme umetumia nini na saa ngapi. Daktari asipojua, anaweza kukupa dawa za kundi la propranololi, ambazo hapo zinaweza kuibana mishipa zaidi. Kama huwezi kusema, aliyekuleta aseme.