Josho moja halimalizi: yanayosemwa kuhusu wadudu wa matumbawe, na ukweli wake

Hapa Dar tunaofuga matumbawe nyumbani tunahesabika, kwa hiyo tunafundishana wenyewe kwa wenyewe. Ushauri unapita kwa sauti za WhatsApp saa tano usiku, mtu kapiga magoti mbele ya tangi, tochi kaibana kwapani. Mwingi ni wa maana. Mwingine umeniulia matumbawe, na huo ndio nitakaouchambua hapa.

"Jiwe la baharini ni la asili, halina shida"

Hili utalisikia kabla hujajaza hata maji. Bahari si hiyo hapo ufukwe wa Coco, ya nini kuhangaika? Tuanze na sheria: visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu 1975, na kubeba matumbawe kutoka huko ni kosa. Matumbawe magumu yamo pia kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kipande kilichotoka nje ya nchi kiulizie karatasi zake. Vyangu vyote nimekatiwa na wenzangu kutoka kwenye matangi yao.

Sasa tuweke sheria pembeni. Jiwe la baharini huja na ukoo mzima: kaa, konokono, minyoo, mayai ya kila namna. Kule mwambani kila mmoja ana wa kumla. Kwenye tangi la lita 200 sebuleni kwangu Kijitonyama, koa anayekula matumbawe hana adui hata mmoja, na chakula kiko mlangoni.

"Ukiona anemoni wa kioo, mng'oe tu"

Anaitwa Aiptasia, mnyama laini wa baharini anayejishikiza kwenye jiwe. Ni kama mnazi mdogo wa rangi ya chai ya maziwa, unaona nuru ikipenya mwilini mwake. Anachoma matumbawe ya jirani mpaka yanajikunja. Wa kwanza kwangu alikuwa mmoja, nyuma ya jiwe. Nikachukua mswaki wa zamani, nikamsugua mpaka akapotea, nikajipongeza. Baada ya wiki tatu nikahesabu kumi na wanne.

Anemoni huyu huzaa kwa vipande. Hata akitembea tu huacha nyuma punje za nyama ya mguu wake, na punje moja inatosha kuwa anemoni mzima. Ukimsugua au kumponda umemwagia mbegu shamba zima, na pampu inakusaidia kuzisambaza.

Kinachomuua ni kumlisha sumu akiwa amefumbua mdomo, na hapa mjini dawa hiyo haiko mbali: chokaa iliyozimwa, ileile ya tambuu. Chagua nyeupe isiyotiwa rangi wala manukato. (Muuza tambuu aliniangalia nilipotaka kopo zima. "Kijana, unakula tambuu ngapi kwa siku?") Ikoroge na maji kidogo iwe kama uji mzito, uivute kwa bomba la sindano. Zima pampu. Sogeza ncha ya sindano taratibu mpaka karibu kabisa na mdomo wake, maana akishtuka anazama kwenye tundu na hutamwona tena leo. Mdondoshee mpaka afunikwe. Subiri robo saa ndipo uwashe pampu. Usiwatibu wengi kwa siku moja, kwa sababu chokaa hupandisha pH ya maji yote, na tangi dogo halistahimili. Vaa miwani pia. Chokaa ikiruka jichoni si mchezo.

"Nimelitia josho, limetakata"

Josho kwetu ni kuloweka tumbawe kwenye maji yenye dawa. Neno lenyewe tumelichukua kwa wafugaji wa ng'ombe, na sijui kwa nini hatukuchukua na akili yake. Mfugaji hapeleki ng'ombe joshoni mara moja akarudi nyumbani kulala. Anarudia, kwa kuwa anajua josho linaua kupe aliye kwenye ngozi, ilhali mayai yako majanini.

Kwa matumbawe mayai yako palepale. Yapo makoa weupe wadogo wanaokula Montipora, aina mojawapo ya matumbawe magumu, hawazidi punje ya mchele, wanataga chini ya tumbawe pasipofika mwanga. Upo mnyoo bapa wa Acropora, tumbawe gumu jingine, lenye matawi, ambaye rangi yake inafanana na tumbawe analolila kiasi kwamba unaweza kumtazama na usimwone. Yeye hutaga kwenye mfupa mtupu, pembeni kidogo ya nyama hai. Josho, liwe la ayodini au la kununua dukani, huwalegeza wakubwa wakaachia. Mayai yana kinga yake na hayajali.

Mara ya kwanza kumwona mnyoo huyu sikujua ninatazama nini. Nilikuwa nimeloweka kipande cha Acropora kwenye bakuli jeupe la plastiki, muda niliousoma kwenye chupa ukaisha, nikajaza maji ya tangi kwenye bomba la sindano la mililita 60 na kuanza kulipulizia tumbawe kwa nguvu, tawi kwa tawi. Pale chini pakaanguka kitu kama ngozi nyembamba ya kitunguu. Kikatulia. Halafu ukingo wake mmoja ukajikunja. Nilipolitazama tumbawe tena ndipo nikaziona alama zake, viduara vyeupe vidogo vilivyotapakaa kana kwamba mtu amegongagonga kwa ncha ya kalamu. Nilikuwa nimeishi navyo miezi miwili nikidhani ni taa kali.

Kwa hiyo josho ni hatua ya kwanza tu. Baada yake geuza kipande chini juu na ukague kitako chake kwa kioo cha kukuzia. Mayai yanakaa kwa mafungu, yamebandikwa kwenye mfupa kama vidoa vya rangi ya dhahabu. Yakwangue kwa ncha ya kisu. Kilicho bora zaidi, kata kitako chote kilichokufa, ukitupe, na ubandike kilichobaki kwenye kitako kipya kwa supaglu ile nzito. Halafu karantini: tangi dogo la pembeni, pampu, hita na taa ya kawaida, wiki sita, ukirudia josho kila wiki. Kwenye maji ya joto kama yetu mayai ya mnyoo bapa huanguliwa ndani ya wiki mbili hivi. Yakiwa baridi huchelewa zaidi. Ukirudia kila wiki unawawahi watoto kabla hawajafikia umri wa kutaga.

Wapo wanaotumia maji ya bomba badala ya josho kwa sababu wamesikia samaki huogeshwa hivyo. Samaki anavumilia dakika chache. Tumbawe linaweza kufa.

"Jiwe lenye wadudu lichemshe"

Hapa naomba usome polepole. Matumbawe laini tunayoyaita zoa, hasa Palythoa, yanaweza kuwa na palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazojulikana. Kuchemsha hakuiondoi. Ukilichemsha jiwe lenye zoa, au ukalisugua kwa brashi na maji ya moto, sumu hupanda na mvuke na mnaivuta nyote mliomo ndani. Dalili huanza kama mafua makali: homa, kikohozi, pumzi kubana, maumivu ya misuli. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya mwenye tangi kusafisha matumbawe yake, na askari wa zimamoto waliofika kuwasaidia wakapelekwa nao.

Na jiko letu, kama lako, liko ndani, watoto wanapita. Ukilazimika kukata zoa, fanyia nje, ukiwa na glavu na miwani, na mkono wenye mchubuko usiingize kabisa.

"Mnyoo yeyote mwenye manyoya ni adui"

Hapana. Wengi wao ni wafagiaji. Wanakula mabaki ya chakula na mizoga, usiku, na kwa sababu mtu huwakuta juu ya tumbawe lililokufa anawabebesha kesi ya mauaji. Wakizidi, ujue unalisha samaki kupita kiasi. Usiwashike kwa vidole tu. Vinyweleo vyao huwasha, na vikikuingia vitoe kwa kubandika seloteipu na kuibandua.

"Tafuta samaki wa kuwala"

Rafiki yangu mmoja alinunua samaki aitwaye kitatange kwa ajili ya anemoni. Anemoni aliliwa, sikatai. Wiki iliyofuata vikafuata vinyama vya matumbawe yake ya kijani, kwa sababu vitatange wengi ndicho wanachokula porini. Kamba wa Lysmata nao husifiwa, ila hubahatisha, na dukani huchanganywa na kamba wengine wanaofanana nao ambao ndio wala matumbawe wenyewe. Koa aitwaye Berghia ndiye mwaminifu: hali kingine chochote isipokuwa Aiptasia, na wakiisha anakufa njaa. Kumpata hapa ni kazi nyingine. Samaki wanaodonoa minyoo bapa wapo pia, lakini mayai hawayagusi, na tumesharudi tulikotoka.

"Dawa ya minyoo ya mbwa inamaliza kila kitu"

Karibu kila kitu, ndiyo. Dawa ya mbwa yenye milbemaisini huua kile kidudu chekundu cha Acropora, cha nusu milimita tu, na pamoja nacho kamba wako, kaa wako, na vijidudu vyote vyenye miguu wanaosafisha tangi. Minyoo bapa na makoa hawaguswi.

"Tumbawe likififia, kuna mdudu"

Kati ya Januari na Machi simu nyingi ninazopokea ni za namna hii, na jibu langu huwa swali moja: kipimajoto kinasema ngapi? Umeme ukikatika mchana wa Februari, tangi lililofungwa mfuniko hupita nyuzi 30 bila shida. Tumbawe likipata joto hufukuza vijimwani vinavyoishi ndani yake, vinavyolilisha na kulipa rangi, likapauka lote kwa pamoja, kuanzia juu lilikopigwa na mwanga. Ndivyo miamba ya pwani yetu ilivyopauka 1998, wala hapakuwa na mdudu. Mdudu huacha alama: viduara, kingo zilizoliwa, kipara kinachoanzia chini.

Februari iliyopita dada mmoja wa Mbezi alishatayarisha josho, kila kitu kiko mezani, akapiga kuuliza kipimo. Nikamwambia apime maji kwanza. Nyuzi 32. Akatoa mfuniko, akaweka kifeni cha mezani kikipuliza juu ya maji, na lile josho akalimwaga.